Kwa mnaoanza kazi ya mitambo nyuma ya jukwaa

Kila kijana anayetaka kuingia kwenye maonyesho ya jukwaani yenye picha, taa na sauti zinazoendeshwa kwa kompyuta huniuliza kwanza ajifunze programu gani. Programu utaizoea. Kitakachofanya uitwe tena ni kuijua njia nzima ya picha: inatoka kwenye laptopu gani, inapita kebo ipi, inaingia kisanduku gani, ndipo ifike kwenye projekta. Picha ikikatika watu wameshakaa, huna muda wa kubahatisha. Anzia mwisho urudi nyuma: projekta inawaka? Inasema haipokei kitu? Basi tatizo liko kwenye kebo au kwenye laptopu. Na kebo ya HDMI usiitegemee kwa umbali unaozidi mita kumi na tano. Mafundi wengi hapo hutumia SDI, aina nyingine ya kebo ya picha inayofika mbali zaidi.

Maonyesho ya nje ndiyo hukomaza fundi. Fikiria ukumbi wa wazi kama Ngome Kongwe pale Zanzibar, ambako tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004. Unatakiwa kurusha picha kwenye ukuta wa mawe. Mchana huoni kitu, hata projekta iwe na nguvu namna gani. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama giza huingia upesi, na wageni nao wameshaanza kufika. Katika dakika hizo hizo adhana ya Magharibi inasikika kutoka misikiti ya jirani, na hapo spika zote zinanyamaza, kama inavyostahili. Fundi sauti naye ana maikrofoni zake hajazijaribu.

Kwa hiyo kazi ya kupanga picha ikae sawa na kingo za ukuta ifanyeni usiku wa kuamkia onyesho. Bandika tepu sakafuni kuzunguka kila mguu wa stendi ya projekta, pima urefu wa lenzi kutoka chini, andika kwenye daftari. Kisha zungushia kamba. Mtu akipita na kiti akaigusa stendi kidogo tu, kule ukutani picha inahama kiasi kwamba hata aliyekaa nyuma kabisa ataona. Ukuta wa mawe pia hunywa mwanga kuliko skrini nyeupe, hivyo mwambieni mtengeneza picha mapema aongeze mwangaza na aache rangi za kiza.

Laptopu ya onyesho ikatwe intaneti. Zima masasisho, arifa na ile tabia ya kulala, na kila kitu kiwe pia kwenye laptopu ya pili iliyokwisha kuunganishwa. Hizo mbili, pamoja na mixa ya kidijitali, zipate umeme kupitia UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kwa sababu jenereta hata ikiwa nzuri huchukua sekunde kadhaa kushika, na mixa ikizimika itahitaji muda kuwaka upya.

Taa za DMX, yaani zinazopokea amri kutoka kompyuta au meza ya taa kwa kebo, zina anwani, na laini moja ina chaneli 512. Taa mbili zikipewa anwani moja zitafanya jambo moja, kwa hiyo ukiona taa inafuata nyingine bila kuamriwa, kaangalie anwani kabla ya kuilaumu kompyuta. Msitumie kebo ya maikrofoni kwa DMX ati kwa sababu plagi zinaingiliana. Mwisho wa laini weka plagi ya kufungia yenye ukinzani wa om 120. Nimeona taa zikipepesa ovyo kwa kukosa kidude hicho tu.

La hedseti, vifaa vya kichwani ambavyo mafundi huwasiliana navyo wakati wa onyesho, nalisisitiza kuliko yote. Anayetoa amri ni mmoja. Atasema "stendibai, taa kumi na mbili", yaani jiandae kwa badiliko la taa namba kumi na mbili, nawe utajibu "taa stendibai", kisha unanyamaza, kidole kwenye kitufe, mpaka aseme "go". Neno hilo asilitamke mtu mwingine yeyote kwenye hedseti, hata kwa mazungumzo ya kawaida, maana kuna mwenzio ambaye kidole chake kinalisubiri. Kama umeona hitilafu, sema kwa maneno machache: nani, wapi, nini. "Projekta ya kushoto, hakuna picha." Anayetoa amri ndiye ataamua kama onyesho linaendelea au mchezaji anaongezewa wimbo huku mnarekebisha.