Usigawe mifuko kabla ya jaribio la chumvi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza dodoso lako liwe na maswali mangapi, na mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhi nafaka bila hewa, igawiwe lini kwa vikundi vya wakulima wilayani Kongwa, Dodoma. Kisha ukaandika "wiki ya mavuno, mahindi yakitoka tu shambani". Thubutu!

Mfuko ule haukaushi kitu. Ndani una nailoni mbili nzito, nje kiroba. Ukifungwa vizuri, dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, wanamaliza oksijeni na kufa. Safi. Ila unyevu nao hauna pa kutokea. Kwenye kiroba cha kawaida mahindi mabichi yanapumua kidogo. Humu yanachacha, kiini kinakufa, na kila mama mwenye nyumba akifungua kuchota ya kusaga, hewa inaingia na ukungu unaamka.

Wale wataalamu wa semina walitufundisha kusokota shingo ya mfuko utadhani tunafunga zawadi ya harusi. Unyevu? Sentensi moja, chai ikiwa tayari mezani. Ghala lao la majaribio lina kipima unyevu, mkulima ana jino. Kung'ata punje kunatosha kwa kiroba. Kwa mfuko huu tunataka unyevu wa 13.5% kushuka chini, na jino halifiki huko.

Chukua chupa ya glasi kavu yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi, ongeza chumvi kavu vijiko 2 au 3 vya chakula, tikisa dakika moja, acha yatulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita 15%, yarudishe turubaini yakauke. Isiponata usishangilie: jaribio hili halitofautishi 14 na 13, kwa hiyo anika siku nyingine ya jua kali. Tandaza unene usiozidi sentimita 5, geuza mara kwa mara, funika kabla ya umande. Yaache yapoe ndipo ujaze, maana ya moto yatatoa jasho mfukoni. Na chumvi iliyolowa jikoni itakudanganya mchana kweupe.

Halafu usimwambie mtu kwamba mfuko unaondoa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Hauondoi, wala kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapo hapo Dodoma, na Manyara pia.

Bajeti inunue turubai kwanza. Kaya ambayo chumvi yake imenata haipewi mfuko siku hiyo, hata mwenyekiti wa kijiji akinuna. Dodoso? Ah, hilo waachie wenye shahada zao.