Mama ana baridi yabisi na anakuja kupasuliwa Lubumbashi: prednisoloni asiiache

Mdogo wangu wa Likasi, ulichoandika jana usiku nimekisoma mara mbili. Mama yako ana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe. Ni miaka minne sasa anameza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa viungo, kila siku, na metotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, kila wiki. Mwezi ujao mnamleta huku Lubumbashi atolewe mawe ya nyongo, na wajomba wamekaa kikao wakaamua aache vidonge vyote wiki mbili kabla, "ili damu itulie". Unauliza, "Yaya, wana haki?"

Hawana haki. Metotreksati tutaizungumzia, lakini prednisoloni mama asiiache ghafla hata kwa siku moja. Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu jambo hilo limenipitia mwilini.

Mimi ni mshonaji, nakaa Katuba hapa Lubumbashi, na ugonjwa huu ninao tangu 2011. Mwaka 2016 nilipasuliwa uvimbe wa kizazi. Kabla ya kuingia niliulizwa kama nina sukari, kama nina tansio, kama kuna dawa inayonidhuru. Nikajibu hapana, hapana, hapana. Habari ya vidonge hakuna aliyeiuliza, na mimi sikuisema. Kwangu vilikuwa vidonge vya mikono, navyo vilihusiana nini na tumbo? Baada ya upasuaji nikaambiwa nisile wala nisinywe mpaka tumbo litoe hewa. Mkoba wangu ulikuwa chini ya kitanda, na vidonge ndani yake.

Siku ya pili usiku mwili ukaniishia. Siyo maumivu, mdogo wangu. Ni kama mtu amechomoa kitu kilichokuwa kimenisimamisha. Nikatapika maji ya kijani, jasho la baridi, sauti ya dada yangu naisikia kwa mbali kama anaongea kutoka barabarani. Tansio, yaani shinikizo la damu, ilikuwa imeshuka hadi 7 kwa 4 (70 kwa 40). Wakaongeza maji ya mshipa, haikupanda. Wakatafuta kama ninavuja damu ndani, hawakuona. Ndipo daktari mmoja kijana wa zamu akamgeukia dada yangu: "Nyumbani alikuwa anakunywa dawa gani?" Dada akaumwaga mkoba wote juu ya shuka: chanuo, rozari, uzi, na ile plaketi ya prednisoloni iliyobaki vidonge sita. Daktari aliitazama, akaondoka mbio. Walinichoma hidrokotisoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, kwenye mshipa, na kabla ya kucha nilikuwa naomba maji.

Asubuhi yule daktari alinieleza, nami nakupa maelezo yake. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na tezi hizo ndizo zinazotengeneza kotisoli, homoni inayoushikilia mwili wakati wa shida: homa kali, ajali, kisu cha daktari. Kwa siku ya kawaida mwili hutengeneza kiasi kinachokaribiana na miligramu 5 za prednisoloni. Ukimpa mtu kidonge kila siku kwa wiki na miezi, tezi zinaona kazi imefanywa na mwingine, zinalala. Siku ya upasuaji mwili unaita kotisoli nyingi, tezi hazijaamka, na kidonge kimefichwa mkobani. Hili siyo jambo jipya. Kotisoni, dawa ya kwanza ya jamii ya prednisoloni, ilijaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Marekani kwa mgonjwa wa baridi yabisi kama mama yako, na mwaka 1952 tu madaktari wa hukohuko walikuwa wameshaandika habari ya mgonjwa aliyekufa baada ya upasuaji kwa sababu tezi zake zilikuwa zimesinyaa. Wajomba wako hawajui hilo, siwalaumu, lakini wasiamue wao.

Kwa hiyo mtafuteni daktari wa usingizi mapema, siyo asubuhi ileile kwenye korido. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, hata kabla ya mpasuaji. Mama ameze dozi yake ya kawaida asubuhi ya upasuaji kwa funda dogo la maji, daktari akikubali, na kama atakaa bila kula, apewe ya mshipa badala ya kidonge. Waongeze hidrokotisoni kiasi gani, hiyo ni kazi yao, inategemea ukubwa wa upasuaji na dozi ya mama. Kama anameza zaidi ya miligramu 20 za prednisoloni kwa siku, mwulizeni daktari wake wa baridi yabisi sasa hivi, maana dozi kubwa inaleta hatari ya kidonda kuoza. Kuipunguza ni kazi ya polepole, haifanywi wiki ya mwisho.

Sasa metotreksati. Hapa hata wauguzi wengine watamwambia aache, kwa kuogopa kidonda kuingia wadudu. Mimi pia niliogopa kabla ya upasuaji wangu wa pili. Lakini mwaka 2001 huko Uingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa 388 wa baridi yabisi waliopasuliwa mifupa, na walioendelea na metotreksati walipata maambukizi machache kuliko walioiacha. Tena walioiacha ndio ambao viungo viliwawakia. Kwa wengi basi inaendelea, isipokuwa figo zikiwa na shida au kukiwa na maambukizi. Mwacheni daktari aamue baada ya kuona vipimo vya damu.

Ninachokiogopa zaidi kwenye metotreksati ni karatasi ya wodi. Dawa hii ni ya MARA MOJA KWA WIKI. Mtu akiandika kwa haraka ikawa kila siku, inaua. Na jambo la pili: mama asipewe kotrimoksazoli, ile kila mtu anaiita Bactrim na kila farmasi ya mtaani inauza kama pipi. Ikikutana na metotreksati inaweza kuzima utengenezaji wa damu mifupani. Atakapopata mkojo wa kuchoma baada ya sonda, ule mpira wa kutolea mkojo, ndiyo dawa ya kwanza atakayoletewa. Ikatae na useme kwa nini.

Diklofenaki na ibuprofeni mwulizeni daktari ziachwe siku ngapi kabla, kwa ajili ya damu kutoka. Miti shamba iachwe yote, hatujui imechanganywa na nini.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukijua mpaka upasuaji wa pili: shingo. Ugonjwa wetu hauli vidole tu, unaweza kulegeza mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo. Mawe ya nyongo kwa kawaida hutolewa mtu akiwa amelala usingizi kamili, na ili kupitisha mpira wa kupumulia wanainamisha kichwa chake nyuma. Shingo iliyolegea inaweza kuuminya uti wa mgongo wakati huo. Mwulize mama: akiinama kuosha vyombo, je, mikono inapata ganzi au kama umeme unashuka? Hata akisema hapana, ombeni picha ya shingo, moja ameinama, moja ameinua uso. Na mpime kama anaweza kufungua mdomo vizuri, taya nalo linashikwa.

Mimi safari ya pili nilichana ukurasa wa daftari langu la vipimo vya wateja, nikaandika kwa Kifaransa, herufi kubwa za kalamu nyekundu: jina la ugonjwa, kila dawa, miligramu, siku ya kumeza, tangu mwaka gani. Nikaandika nakala tatu. Moja kwenye faili, moja kwa dada aliyekuwa ananilinda, moja nikaifunga kwa uzi kwenye chuma cha kitanda. Kila zamu ilipobadilika, muuguzi mpya aliisoma kabla ya kunisalimu.

Atakayemlinda mama usiku awe mtu anayethubutu kuuliza, siyo yule mpole kuliko wote. Mwambieni pia kwamba prednisoloni huficha homa. Kidonda kinaweza kuharibika huku joto la mwili likiwa la kawaida, kwa hiyo kila wanapobadilisha bandeji aangalie kwa macho: wekundu unaopanuka, uvimbe, harufu, usaha. Na wasishangae nyuzi kuchelewa kutolewa. Zangu zilikaa siku kumi na nne.

Leo usiku fanya jambo moja. Mwombe mama akuletee plaketi zote, zimwage mezani, hesabu prednisoloni zilizobaki. Ukihesabu safari, siku za hospitali na wiki ya kwanza nyumbani, anahitaji za mwezi mzima. Kama hazitoshi, nunua hukohuko Likasi kabla hamjapanda basi.