"Mmezunguka viwanja tisa, nyumbani hamna hata kimoja"

Jumapili iliyopita niliweka picha kwenye grupu la ukoo, mimi na mume wangu tumesimama kwenye lile daraja la njano la Pittsburgh, uwanja wa besiboli uko nyuma yetu, wa tisa kwenye safari yetu ya gari ya kuzunguka viwanja, tumechoka ila tunacheka. Hata dakika tano hazikupita, ndugu mmoja wa upande wa mume wangu akajibu hayo maneno niliyoweka hapo juu. Watu wakamwaga vicheko. Nikaweka simu chini nikaenda kuosha vyombo, na sitaki kudanganya, iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Ila wengine watatu walinifuata pembeni kuuliza tulifanyaje, hela tulitoa wapi, na dada mmoja akaniuliza swali ambalo ndo la maana kuliko yote: "Siku 17 kwenye gari moja, hamkugombana?" Tuligombana mama. Ngoja niwaambie, maana najua wengi wenu mna hii ndoto, mmekaa nayo tu.

Sisi tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu besiboli ilimwingia kupitia shifti za usiku ghalani, miaka ile tumefika hatuna hata hamsini, kulikuwa na redio moja na mechi za kule California zikianza saa moja jioni kwao, kwetu ni saa nne usiku, kwa hiyo zilimsindikiza kazi mpaka saa saba. Mimi alinifundisha kwa rede. Kama umecheza rede utaelewa haraka kuliko mtu wa mpira wa miguu, unarushiwa, unatumia jicho, ukikosea umetoka. Miaka minne tukaweka hela kidogo kidogo, dola 20, dola 30, ovataimu yake, nywele nilizosuka mimi wikiendi.

Plani ya kwanza ilikuwa viwanja 12. Aliichora yeye kwenye karatasi, na kazi ya kupanga sio ndogo, ligi kuu ina timu 30 na kila timu inacheza mechi 81 nyumbani na 81 ugenini, kwa hiyo unaweza kuendesha siku nzima ukakuta wenyeji wako mji mwingine. Karatasi ilikuwa safi kabisa. Kosa lake ni moja, haikuwa na siku hata moja tupu.

Cincinnati ilienda vizuri, uwanja uko kando ya mto Ohio, unakaa juu unaangalia maboti na ng'ambo ni Kentucky. St. Louis ndo mambo yakaanza. Unakaa kitini unaiona ile Arch, lile tao la chuma la mita 192, imesimama nyuma ya uwanja, nzuri mno, alafu mvua ikaja. Tulijibanza chini ya paa zaidi ya masaa mawili na nguo zimelowa, mimi nataka kurudi moteli, yeye anasema itaanza tu, na kweli ikaanza, ikaisha karibu na usiku wa manane. Saa kumi na moja alfajiri ananiamsha twende Kansas City tukawahi wachezaji wakifanya mazoezi ya kupiga.

Njiani sikuongea. Tulipofika, kwenye paking ya moteli nikamuuliza, "Umekuja na mimi au umekuja na hiyo karatasi?" Akazima gari. Akakaa kimya muda mrefu, alafu akasema taratibu tu, "Mke wangu, tangu tuje nchi hii mimi nimepumzika lini? Naogopa tukisimama sitaimaliza." Nililia. Sikujua kama mtu anaweza kukimbizana na raha kwa woga vile.

Hatukwenda mazoezi. Tulienda jumba la makumbusho la Negro Leagues, ligi za besiboli za watu weusi za zamani, pale mtaa wa 18 na Vine, na kama huna hela ya kwenda kokote nenda hapo tu. Ligi ya kwanza ya watu weusi iliyodumu ilianzishwa mji huohuo mwaka 1920, Rube Foster akiwa mbele, kwa sababu ligi kuu ilikuwa imewafungia mlango. Jackie Robinson mwenyewe, mweusi aliyekuja kuingia ligi kuu, alichezea timu ya Monarchs wa Kansas City mwaka 1945 kabla hajaenda timu ya Brooklyn kuuvunja ule mlango tarehe 15 Aprili 1947. Ndani kuna uwanja mdogo wenye sanamu za wachezaji, kila mmoja kwenye nafasi yake kama vile mechi inaendelea. Ila kilichonishika ni habari za safari zao. Wale watu walizunguka nchi hii kwenye mabasi, mji hadi mji, na sehemu nyingi hoteli hazikuwapokea, migahawa haikuwauzia chakula, walilala kwenye basi au kwa familia za weusi wenzao, kesho yake wanashuka wanacheza. Barabara tunazopita sisi. Na mimi na mume wangu tulikuwa tumenuniana juu ya saa ya kuamka. Tulitoka pale tumeshikana mikono, hakuna aliyesema samahani, haikuhitajika.

Jioni hiyo kabla ya mechi tukakata viwanja vitatu. Tukafuta Texas, tukafuta uwanja wa pili wa Chicago, tukafuta Cleveland ambayo ni masaa mawili tu kutoka kwetu. Vikabaki tisa, idadi ya wachezaji wa timu moja uwanjani, mume wangu akasema basi timu imetimia. Usiku tukaangalia maji ya zile chemchemi za ndani ya uwanja wa Kansas City yakirukaruka na taa, tukiwa na akili zetu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: acha siku tupu. Kila baada ya viwanja viwili, siku moja isiyo na mechi. Mvua ikiharibu mechi tiketi yako inahamia tarehe nyingine na wewe tarehe hiyo uko majimbo mawili mbele, siku tupu ndo inakuokoa.

Denver ilikuwa yangu. Pale juu kabisa kuna mstari mmoja wa viti vya zambarau katikati ya viti vya kijani, ukikaa hapo uko maili moja kamili juu ya usawa wa bahari, mita 1,609. Mimi ni mtoto wa Iringa, ile baridi ya jioni na ile hewa nilizijua kabla sijakaa. Hewa ikiwa nyepesi mpira unaenda mbali, ndo maana tangu 2002 mipira yao wanaitunza kwenye chumba chenye unyevu isikauke ikazidi kuruka. Mume wangu, wa Tanga, alivaa majaketi mawili.

Minneapolis tulikula sambusa na chai ya maziwa kwa Wasomali. Milwaukee watu wanachoma nyama kwenye paking kabla ya mechi, mkaa, viti vya kukunja, jirani anakukaribisha bila kukujua. Chicago Wrigley, uwanja wa 1914, ukuta umefunikwa na majani yaliyopandwa 1937 na ubao wa matokeo bado watu wanabadilisha namba kwa mkono, tulikaa mpaka walinzi wakatutoa. Detroit mechi tuliangalia tu, tumechoka.

Mengine ya haraka: viwanja vingi vinaruhusu uingie na chakula chako na chupa ya maji isiyofunguliwa, soma sheria za kila uwanja usiku kabla, na begi pia wanalipima. Tiketi ziko kwenye simu, chaji. Katikati ya wiki ni rahisi kuliko wikiendi. Na acha siku tupu, narudia.

Ila nataka niseme na nyie mnaochekwa. Tumelelewa kwamba hela ya mtu wa nje ina kazi mbili, kujenga na kutuma, ukiitumia kwa furaha yako na mwenzako unaonekana umepotea. Jamani, mke na mume wanaishi nyumba moja miaka kumi wanaonana mlangoni, mmoja anatoka shifti mwingine anaingia, alafu tunashangaa ndoa za huku zinavunjika. Chukua likizo. Kaa na mume wako kwenye gari. Na kwa taarifa ya aliyeandika ile meseji, kiwanja tunacho, kiko Kihesa, kwetu Iringa, tulimaliza kukilipia 2021 na hatukuweka picha.

Pittsburgh siku ya mechi lile daraja hufungwa magari yasipite, mnatembea kwa miguu mpaka getini. Limepewa jina la Roberto Clemente, mchezaji wa Pittsburgh aliyefariki tarehe 31 Desemba 1972 kwenye ajali ya ndege iliyobeba misaada ya watu wa tetemeko la Nicaragua. Ukuta wa upande aliokuwa akilinda una futi 21, namba ya jezi yake. Mume wangu alinisomea yote hayo amesimama katikati ya daraja, alafu akatoa ile karatasi mfukoni, imelowa mara mbili na kukauka, akanipa mimi. Nyuma kuna nafasi, nimeshaandika Baltimore, Philadelphia na Boston, na katikati ya kila mji nimeruka mstari.