Muulize kwanza yuko wapi: kwa mnaoanza tiba mtandao huku Marekani

Jamani, naona mwaka huu wengi wenu mnamaliza shule, wengine unesi wa afya ya akili ngazi ya NP, yaani nesi wa ngazi ya juu anayetibu na kuandika dawa, wengine ushauri nasaha, wengine ndo mnasubiri leseni ya ustawi wa jamii, na kila mtu anataka kazi ya kukaa nyumbani na laptopu. Sawa kabisa, na mimi ndo kazi yangu hiyo, NP wa afya ya akili niko hapa Texas na wagonjwa wangu karibu wote nawaona kwenye skrini. Ila kuna kitu shuleni wanakipitia juujuu halafu ndo kinaendesha kazi nzima: sheria haiangalii we umekaa wapi, inaangalia mgonjwa amekaa wapi dakika ile mnayoongea. Kitambulisho chake cha jimbo gani, bima yake ya wapi, hayo yana mahali pake. Akiwa Ohio wakati wa kikao basi matibabu yamefanyika Ohio, na we lazima uwe na ruhusa ya Ohio, full stop.

Nikupe mfano ambao utakutana nao tu, hasa ukihudumia watu wetu, yaani madereva wa malori. Mtu anaishi Dallas, faili lake safi, ana depresheni, usingizi haupo, miadi yake saa nne asubuhi. Unafungua video unamwona kakaa kwenye kiti cha lori, nyuma yake pazia la kitanda, dirishani bango la kituo cha mafuta. Kaka, uko wapi leo? Anakwambia niko hapa Ardmore napumzika kidogo. Ardmore ni Oklahoma, na we una leseni ya Texas peke yake. Hapo kikao hakiendelei, unamwambia kwa upole kaka malizia kahawa yako, shuka na barabara ya I-35 uvuke Red River, ule mto wa mpakani, ukifika Gainesville upande wa Texas tafuta paking salama uzime injini uniandikie, nitakuwekea nafasi mchana. Atanuna. Atakuuliza kwani mimi si yule yule wa mwezi uliopita? Ndio ni yule yule, ila mwezi uliopita alikuwa sebuleni kwake Dallas. Isipokuwa kama yuko kwenye hatari, anasema anataka kujiua, hapo usimkatie simu kwa sababu ya mpaka wa jimbo, unakaa naye mpaka msaada ufike alipo na unaandika ulichofanya na kwa nini.

Na jinsi ya kuuliza ina maana yake. Usiulize uko nyumbani, watu wetu wana adabu watakujibu ndio ili msonge mbele. Uliza nisomee anuani ya hapo ulipo sasa hivi, hata kama ni hoteli, hata kama ni kwa dada yake. Andika kwenye noti za kila kikao, sio siku ya kwanza tu. Halafu chukua na jina na namba ya mtu mmoja aliye karibu naye anayeweza kufika mlangoni.

Hii ya anuani sio urasimu. Ukipiga 911 ukiwa Houston unawapata watu wa Houston, hawawezi kumpelekea gari mtu aliye El Paso kwa haraka unayoitaka, inabidi wahangaike kukuhamisha na dakika zinakwenda. Kwa hiyo kwa kila mgonjwa unatafuta mapema namba ya kawaida, ile yenye tarakimu kumi, ya kituo cha dharura cha kaunti yake, unaiweka juu kabisa ya faili. Mgonjwa mwenyewe unampa 988, ile laini ya watu walio kwenye hatari ya kujiua iliyoanza Julai 2022, na umwambie kwamba akiomba mkalimani anapewa, maana wengi wakisikia ni ya Wamarekani wanadhani bila Kiingereza haiwafai.

Tuje kwenye leseni, hapa ndo nawaona wengi wanajichanganya. Manesi wa RN, yaani waliosajiliwa, na LPN wa ngazi ya chini yao, wana mkataba wao wa majimbo, leseni moja unafanya kazi kwenye majimbo zaidi ya 40, ila hadi naandika hivi California, New York na Minnesota hawamo, na najua Minnesota mmejaa kweli kweli nyie ndugu zangu wa Kenya. Ukihama kutoka jimbo moja la mkataba kwenda lingine, tangu 2024 una siku 60 za kuomba leseni mpya ya unapohamia, usikae nayo ile ya zamani mwaka mzima ukisema iko multistate, ya majimbo mengi. Sasa sikiliza we unayeingia ngazi ya NP: ule mkataba HAUKUHUSU kwenye kazi ya NP. RN yako inavuka mpaka, NP yako haivuki. Kuna mkataba wa NP umeandikwa ndio, lakini majimbo yaliyoukubali hayajafika idadi ya kuuwasha. Kwa hiyo kila jimbo unaomba leseni yake, unalipa, unapigwa alama za vidole, unasubiri. Na sheria za kazi yenyewe zinabadilika, hapa Texas NP lazima awe na makubaliano ya maandishi na daktari ndo aandike dawa, Arizona au Iowa unajitegemea. Kampuni ikikwambia utahudumia majimbo manane, uliza majimbo mangapi yanataka daktari msimamizi na huyo daktari ni nani na anapatikana saa ngapi, usisaini kabla hujapewa jina.

Wengine nawapitia haraka. Wanasaikolojia wenye udaktari wana mkataba wao unaitwa PSYPACT, ni mzuri sana, majimbo zaidi ya 40, ila we mwenyewe uwe umekaa kwenye jimbo lako la nyumbani wakati unatibu, sio uko likizo sehemu nyingine unafungua laptopu ufukweni. Madaktari wana mkataba wao ulioanza kutoa leseni 2017, ila usidanganyike, haukupi leseni moja ya kote, unakupunguzia makaratasi tu, unalipa dola 700 za mkataba halafu na ada ya kila jimbo juu yake. Washauri nasaha mkataba wao ndo umeanza kufunguka 2025 kwa majimbo machache, na wa ustawi wa jamii umepitishwa na majimbo mengi ila kutumika bado. Florida wana kitu kizuri tangu 2019, mtoa huduma wa nje anajisajili kwa ajili ya tiba mtandao bila ada, sharti usifungue ofisi kule wala usimwone mgonjwa ana kwa ana ndani ya Florida. Georgia wao washauri na watu wa ustawi wa jamii wanadai mafunzo ya saa sita ya tiba mtandao kabla hujaanza. Na baadhi ya majimbo yanakuruhusu siku chache kwa mgonjwa wako wa zamani aliyesafiri, mengine hayana huruma hiyo kabisa, kwa hiyo ingia tovuti ya bodi ya jimbo lenyewe usome, usitegemee mtu wa HR.

Presha ya kuvuka mipaka hii lakini, niwaambie ukweli, haitoki sana kwa kampuni. Inatoka kwetu sisi. Mkijulikana kanisani au msikitini kwamba yule dada ni mtu wa afya ya akili na anaongea Kiswahili, simu hazitalala. Kuna wakimbizi wa Kongo wametawanywa Kentucky, Iowa, Arizona, kila mahali, mtu amekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka na miaka, amebeba mambo mazito, na kliniki ya mjini kwake hakuna anayemuelewa. Mama atakupigia, mwanangu nisaidie tu, ongea nami hata dakika kumi, mimi sina neno na leseni. Na moyo unauma kweli maana unajua ungeweza kusaidia. Lakini dakika kumi za kumhoji dalili zake na kumshauri dawa ni matibabu, hata kama hujalipwa hata senti, na likitokea baya bodi haitauliza kama ulikuwa unamsaidia mama mcha Mungu, na bima yako ya makosa ya kazi itaangalia kwanza kama ulikuwa na leseni ya jimbo lile.

Ninachofanya mimi ni hiki, namwambia mama sijakukataa, nipe jina la mji nikutafutie mtu mwenye leseni ya kwenu. Halafu namfundisha haki yake, kwamba kliniki inayopokea hela za serikali ya shirikisho lazima impe mkalimani bure, na wasimtumie mtoto wake wa darasa la sita kutafsiri mambo ya mama yake kubakwa, hiyo sheria inakataza labda iwe dharura ya papo hapo. Akijua sentensi moja tu ya kusema pale mapokezi, nahitaji mkalimani wa Kiswahili, amepata zaidi ya zile dakika kumi zangu. Na mkitaka kusaidia wengi, fundisheni. Semina ya Zoom ya jumla kuhusu msongo, usingizi, dalili za depresheni, haina tatizo, ilimradi mtu akianza kueleza kesi yake mwenyewe usimjibu kama mgonjwa wako.

WhatsApp. Najua. Wagonjwa wetu wanaishi humo, atakutumia voisi noti ya dakika saba saa sita usiku. Wakati wa korona serikali ililegeza masharti ya faragha ya wagonjwa, mtu alitumia FaceTime, Skype, chochote kilichopo, ulegezaji ule uliisha Mei 2023 wakatoa na siku 90 za kujipanga, zikaisha Agosti 9. Sasa hivi programu unayotumia kampuni yake lazima iwe imesaini mkataba wa kulinda taarifa za wagonjwa, na WhatsApp ya kawaida hawakusainii. Mimi naweka ujumbe mmoja tu kule, nimeona umeandika, ingia kwenye programu yetu au piga namba ya ofisi.

Faragha upande wa mgonjwa nayo ni kazi. Apatimenti ya vyumba viwili watu saba, mama anakwambia niko peke yangu na nyuma unasikia mtu anakohoa. Mwambie avae spika za masikio, akae kwenye gari lililoegeshwa ikibidi, na mkubaliane neno. Sisi tunatumia mvua: akianza kuniuliza huko kwenu mvua imenyesha najua mtu ameingia chumbani, nahamia kwenye habari za watoto mpaka aseme tuendelee. Kwa mwanamke anayepigwa nyumbani hilo neno linaweza kumwokoa.

Upande wa dawa nitasema kidogo. Dawa za depresheni, sertralini na wenzake, hazina shida sana. Shida ni zile zinazodhibitiwa na serikali kwa sababu zinaweza kumteka mtu, Adderall, Xanax na ndugu zao. Sheria ya Ryan Haight ya 2008, jina la kijana wa California wa miaka 18 aliyefariki kwa dawa alizoagiza mtandaoni, inataka umwone mgonjwa ana kwa ana kwanza. Tangu Machi 2020 sharti hilo limelegezwa na muda umekuwa ukiongezwa na kuongezwa, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka nenda kasome mwenyewe tangazo la DEA, idara ya shirikisho inayosimamia dawa hizi. Na jimbo linaweza kuwa kali kuliko shirikisho, hapa Texas NP wa kliniki ya nje haandiki Adderall kabisa hata mgonjwa akiwa mbele yako. Kampuni ikikupangia wagonjwa wapya wa ADHD, tatizo la kukosa umakini na kutotulia, dakika kumi na tano kila mmoja, kimbia. Mwaka 2024 wakubwa wa kampuni moja ya mtandaoni ya California walikamatwa na serikali ya shirikisho kwa mambo ya Adderall, na manesi walioandika hawakubaki salama.

Kitu kingine kinachobadilika ukivuka mpaka ni umri wa ridhaa na vitisho. Kijana wa miaka 14 Pennsylvania anaweza kukubali mwenyewe kuhudumiwa afya ya akili, Washington ni 13, California hata 12 ikitimiza masharti, Texas kwa kawaida unamtafuta mzazi isipokuwa mambo kama kujiua au unyanyasaji. Na mgonjwa akisema nitamuua fulani, California tangu kesi ya Tarasoff ya 1976 una wajibu wa kumlinda huyo fulani. Texas mahakama kuu yao mwaka 1999 ilikataa kuweka wajibu huo, unaruhusiwa kuwaambia polisi au madaktari, kumpigia mlengwa mwenyewe ni kesi nyingine. Mtu mwenye leseni zote mbili ana jibu mbili tofauti kwa sentensi ile ile, kwa hiyo karatasi ya kila jimbo iwe mezani kwako, usitegemee kichwa saa ile moyo unakwenda mbio.

La mwisho ni Desemba, watu wanaenda nyumbani. Atakwambia dada nitakupigia nikiwa Mwanza, intaneti ya kule siku hizi iko vizuri. Intaneti sawa, ila leseni yako ya Texas Mwanza haifanyi kazi, na Kenya nao wana bodi zao na sheria yao ya washauri na wanasaikolojia ya 2014. Mpangie kabla hajaondoka: mwone wiki mbili kabla, dawa za kutosha mpaka arudi ikiwa bima inakubali, ziwe kwenye chupa zake zenye lebo na barua yako, ajue hospitali ya kwenda kama akizidiwa kule. Na mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, mwambie masafa yale yanavuruga usingizi na usingizi ukivurugika ndo mania, ile hali ya kupanda, inapopatia mlango, kwa hiyo tarehe yake ya kutua DFW, uwanja wa ndege wa Dallas, unaijua, mwekee kikao wiki ile ile.