Kumiliki kitabu na kukisoma: utapimaje tofauti?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni afisa ufuatiliaji na tathmini katika mradi mdogo. Tunataka kuwapa wanafunzi wa darasa la tatu, katika shule kumi zenye watoto wa familia za kipato cha chini, vitabu vitano vya hadithi kila mmoja, viwe mali yao kabisa. Mfadhili anataka ushahidi kwamba kumiliki vitabu kunawahamasisha kusoma. Nimeandaa hojaji itakayojazwa kabla ya kugawa vitabu na miezi sita baadaye: "Unapenda kusoma?" na "Wiki hii umesoma vitabu vingapi?" Je, inatosha?

JIBU: Marahaba. Haitoshi, ingawa kasoro kubwa haimo kwenye hojaji. Imo kwenye neno "kumiliki".

Ukimpa mtoto vitabu vitano umempa mambo mawili kwa mpigo: amepata cha kusoma, na amepata kitu kilicho chake. Akionekana anasoma zaidi baada ya miezi sita, utajuaje ni lipi kati ya hayo lililomsukuma? Huenda angesoma vilevile kama vitabu vingekuwa vya kuazima, vimewekwa kwenye sanduku la darasa na kuzunguka mikononi mwa wengi, kwa gharama ndogo zaidi. Mfadhili makini atakuuliza hilo siku ya kwanza.

Kwa hiyo unahitaji makundi matatu. La kwanza linapewa vitabu moja kwa moja. La pili linapata vitabu vilevile, ruhusa kwenda navyo nyumbani, lakini lazima virudi. La tatu linasubiri na kupewa vyake utafiti ukiisha. Tofauti kati ya kundi la kwanza na la pili ndiyo umiliki wenyewe. Kati ya la pili na la tatu ni upatikanaji tu. Makundi yapangwe kwa kura. Ukimwachia mwalimu mkuu achague, atawapa wenye bidii, na matokeo yako yatapendeza bure. Kulinganisha kabla na baada peke yake hakukusaidii pia, maana miezi sita ya masomo inamsogeza mtoto hata asipopewa ukurasa mmoja.

Usije ukaegemea takwimu za vitabu vilivyomo nyumbani. Utafiti wa Mariah Evans na wenzake uliochapishwa mwaka 2010, wenye data za nchi 27, ulionyesha kuwa watoto waliokulia kwenye nyumba zenye vitabu kama 500 walisoma shule takriban miaka mitatu zaidi ya waliokulia kwenye nyumba zisizo na kitabu, hata elimu na kazi za wazazi zikizingatiwa. Takwimu nzito, lakini mzazi anayejaza rafu anatofautiana na jirani yake kwa mengi ambayo hojaji haiyashiki. Kitabu cha kupewa kinahitaji ushahidi wake. Huko Florida, Marekani, watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa shule za maskini vitabu 12 vya kujichagulia kabla ya kila likizo ndefu, kwa miaka mitatu. Maendeleo yalikuwa madogo lakini ya kweli, na yalikuwa makubwa zaidi kwa walio maskini zaidi. Zingatia hilo la kujichagulia, kisha fikiria na mwongozo. Katika jaribio la James Kim na Thomas White la mwaka 2008, waliopewa vitabu bila mwongozo wowote hawakuwazidi wenzao kwa namna ya kutegemewa. Waliofundishwa kwanza jinsi ya kusoma kwa kuelewa ndio waliopiga hatua.

Sasa vipimo. "Unapenda kusoma?" kinapima adabu: mtoto aliyepewa zawadi na mgeni hawezi kumwambia mgeni huyo kwamba hapendi. Uliza jana jioni alifanya nini, saa kwa saa, bila kutaja kitabu, uone kama kitajitokeza chenyewe. Ongeza orodha ya majina ya vitabu 20, nusu ya kweli na nusu uliyoyabuni, atie alama anavyovijua. Kisha toa alama za uongo kwenye za kweli. Anne Cunningham na Keith Stanovich walitumia mbinu ya aina hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na inawanasa wanaotia alama kila kitu. Weka humo pia vitabu ambavyo hukuvigawa, ili uone kama tabia ya kusoma imevuka zile zawadi.

Kukagua uchakavu wa kitabu nilikuamini sana zamani. Kuna nyumba nilimwomba mtoto alete kitabu chake, kikaja kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kisafi kama kilichotoka dukani. Nilikuwa nimeshaandika "hakijasomwa" alipoanza kunisimulia hadithi yote, mpaka sauti za wanyama. Kumbe mama hukiweka juu ya kabati, hakishuki mpaka mikono ioshwe. Nyumba iliyofuata kitabu kilikuwa hakina jalada, kurasa zimekunjwa, na mwenyewe hakujua hata mhusika mkuu ni nani. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akikichezea. Tangu hapo ninapima kwa kusimuliwa, uchakavu ninauacha.

Mwisho, idadi. Shule kumi zenye watoto 40 kila moja ni watoto 400, lakini wa shule moja hufanana. Ufanano wa ndani ya shule (hupimwa kuanzia 0, hawafanani kabisa, hadi 1, wanafanana kabisa) ukiwa 0.2, unazidisha 39 kwa 0.2 na kujumlisha 1, unapata 8.8, gawanya 400 kwa hiyo, unabaki na ushahidi wa watoto kama 45 tu wasiofanana. Ukizigawa shule hizo kwenye makundi matatu huna utafiti tena. Kama shule zako zina mikondo mitatu ya darasa la tatu, pigia kura mikondo ndani ya kila shule, ili ulinganishe watoto wa paa moja. Wataazimana vitabu, hilo huwezi kulizuia wala sioni sababu ya kulizuia. Kwa kila kitabu alichosoma muulize tu alikitoa wapi.