Kuhusu hiyo besi

Mwanangu,

Salamu zimefika, na swali lako pia: uiuze ile besi kubwa ya kusimama niliyokupa ununue gitaa la besi la umeme, maana wenzako wanasema haisikiki? Nitakujibu, ila kwanza nikupe habari za Pops Foster, mpiga besi wa jazi.

Kazaliwa Louisiana, Marekani, 1892. Besi yake ya kwanza kaka yake alimuundia kwa pipa la unga. Baadaye akapiga kwenye meli za Mto Mississippi, bendi ya Fate Marable, pamoja na Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta, angali kijana. Watu wanacheza, tarumbeta zinalia, na besi haina spika. Akisikikaje? Alikuwa akiuvuta uzi, na nyuzi zenyewe za utumbo, mpaka unaachana na ubao, kisha anauachia ujibamize pa! Unapata noti na kishindo chake pamoja. Msikilize kwenye "Mahogany Hall Stomp" ya Armstrong, ya 1929. Nimekwambia tangu mdogo: sauti iko mkononi.

Unaikumbuka ile harusi ya Ng'ambo, Unguja? Ulikuwa umelala mapajani kwa mama yako. Kiongozi wetu alikuja na kinanda cha umeme, akaniambia mbele ya watu, "Mzee, leo pumzika, besi imo humu humu." Mzee! Hata arobaini sijafika. Nikakaa kwenye benchi, besi yangu imo ndani ya mfuko wake, na kijana wa kinanda anabonyeza noti za besi kwa mkono wa kushoto huku anatafuna sambusa. Na wanawake wakatunza vile vile, hakuna aliyeuliza besi iko wapi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, si kinanda.

Lakini hata Pops, bendi zilipotaka tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, alishika tuba. Na miaka ya 1940 muziki ulipokuwa haulipi alifanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi New York, kisha akarudi kwenye besi yake. Kwa hiyo mtu anaweza kubadili chombo asipungukiwe kitu. Anaweza. Ila yeye tayari alikuwa na ule mkono, na mkono, nasema tena, ndiyo sauti.

Basi sikwambii uuze, wala sikwambii usiuze. Ningekuwa mimi... haya, nanyamaza. Jaribu hivi tu: huyo anayelalamika mwambie akasimame mwisho wa ukumbi, asikubane hapo ubavuni, kisha uvute uzi kama Pops.

Na ukiiuza, bei usinitajie.

Baba yako