Kabla hujauliza RAM, uliza mishale utaichoraje

Wiki iliyopita mdogo wangu wa mwisho alinipigia simu. Amepata chuo, anakwenda kusoma kemia na biolojia, na baba amekubali kutoa hela ya laptop.

"Dada, nimeambiwa nichukue Core i7, RAM 16, kioo kikubwa. Sawa eh?"

"Darasani utaifanyia nini?"

Akanyamaza kidogo. "Kuandika noti, si ndiyo?"

Basi tuanzie hapo, nikamwambia, hayo ya i7 (ni prosesa, ubongo wa mashine) na RAM (kumbukumbu yake ya kufanyia kazi) tuyaweke kiporo.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu mimi nilisoma kemia, na ndani ya miaka mitatu nilinunua laptop mbili wakati uwezo wangu ulikuwa wa kununua moja. Ile ya kwanza nilichaguliwa na wenzangu bwenini, vijana wa kucheza gemu. Kioo inchi 15.6, kibodi inawaka taa nyekundu, kilo mbili na nusu, na chaja yake ni tofali. Bumu la kwanza, hela ya mkopo wa chuo, liliishia humo, na akiba ya mama juu yake. Siku ya kwanza naingia nayo ukumbini nikagundua kwamba kile kibao cha kukunja kwenye kiti kimetengenezwa kwa ajili ya daftari. Nusu ya laptop ilikuwa hewani, naizuia kwa kiwiko kama mtu anayembeba mtoto wa jirani. Betri ilidumu saa moja na robo. Soketi ziko ukutani, na waliokaa ukutani walifika saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini uzito na betri si ndivyo vilivyonishinda. Kilichonishinda ni mishale.

Siku moja mhadhiri wa kemia ogani alikuwa anaeleza jinsi ioni ya hidroksidi inavyoing'oa bromini kwenye kaboni. Ubaoni ni mistari michache tu. Mshale uliopinda unatoka kwenye elektroni za oksijeni unaelekea kwenye kaboni. Mshale wa pili unatoka kwenye kifungo cha kaboni na bromini unaishia kwa bromini. Halafu umbo zima linapinduka, kama mwavuli uliokutana na upepo wa baharini. Alichora kwa sekunde ishirini, akafuta. Mimi nikachapa. Usiku nafungua faili nakuta nimeandika: "mshale toka O kwenda C, mwingine toka katikati kwenda Br, vile vitatu vinageuka." Vile vitatu vipi? Katikati ya nini? Na hiyo ndiyo ilikuwa rahisi. Wiki chache baadaye tukaingia kwenye mmenyuko wa aldoli, mishale mitano sita kwenye ukurasa mmoja, na faili langu likawa kama maelekezo ya njia yaliyotolewa na mlevi.

Nikaishia kwenye madesa. Kila Ijumaa niko steshenari natoa kopi daftari la rafiki yangu, binti aliyekuwa anakuja darasani na kaunta buku na kalamu za rangi tatu. Laptop ya milioni na ushee iko begini, nami natoa kopi ya daftari la elfu nne.

Kwa hiyo mtu akiniuliza laptop ya kuandikia noti za sayansi, namuuliza kwanza anasoma nini, na mhadhiri wake anachora kiasi gani. Biolojia, ukiondoa michoro, noti zake nyingi ni majina na maelezo. Kibodi inatosha na unaenda nayo vizuri. Hesabu na fizikia zinachapika ukikubali kujifunza. Kwenye Word, bonyeza Alt pamoja na alama ya = na kisanduku cha hesabu kitafunguka; ukiandika \alpha kisha nafasi unapata alfa, ukiandika x^2 kipeo kinapanda chenyewe. Ukizoea kwa mwezi mmoja hutagusa tena ile menyu ya alama. Nilisoma na jamaa wa fizikia aliyekuwa anaandika kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi yenye hesabu, moja kwa moja mhadhiri akiongea, vidole vinaruka tu. (LaTeX ni kazi ya Leslie Lamport, imejengwa juu ya TeX ya Donald Knuth, profesa aliyechukizwa na jinsi hesabu za vitabu vyake zilivyokuwa zinapangwa kiwandani, akaamua kutengeneza programu yake mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1970.) Hata huyo jamaa, ikifika mchoro wa nguvu kwenye mteremko, alikuwa anatoa penseli.

Kemia ndiyo haichapiki. Ipo ChemSketch, programu ya kuchorea molekuli, inatolewa bure kwa wanafunzi, na kwa ripoti za maabara naipenda sana. Lakini huwezi kukimbizana nayo na mtu aliyeshika chaki.

Wapo wanaosema tuachane na laptop darasani kabisa, na huwa wanautaja utafiti wa Mueller na Oppenheimer wa mwaka 2014, ulioonyesha kwamba wanaochapa huandika maneno mengi ya mhadhiri jinsi yalivyo, na kwenye maswali ya kuelewa wakazidiwa na waliotumia kalamu. Waliourudia baadaye hawakupata tofauti kubwa hivyo. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Ninachojua ni kwamba ukiwa unachapa, mkono unaweza kufanya kazi kichwa kikiwa bwenini Mabibo.

Njia ni mbili, na zote nimezipita. Ya kwanza ni daftari darasani na laptop ndogo ya kawaida kwa ajili ya jioni: unapiga picha kurasa kwa simu, unazipanga kwenye mafolda, unachapa muhtasari ukiwa kimbweta. Kama hela ni ndogo, chukua hii na usijisikie vibaya. Ya pili ni laptop ya kugeuza, ile ambayo kioo kinazunguka nyuma mpaka inakuwa kama kishikwambi, na ina kalamu yake. Hiyo ndiyo niliyonunua mwaka wa pili baada ya kuuza lile tofali kwa hasara, nayo ndiyo iliyoniokoa.

Hapo kwenye kalamu ndipo watu wengi wanapopigwa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kioo cha kugusa na kioo cha kalamu ni vitu viwili tofauti. Muuzaji atakuonyesha kwamba ukigusa kwa kidole kinaitika, kisha atakwambia "kalamu yoyote inafanya". Si kweli. Ile ya mpira mnene mbele, inayouzwa pamoja na kava za simu, ni kidole kingine tu: ukiweka kiganja kwenye kioo kinachora kiganja, na herufi zako zitakuwa kubwa kama za chekechea. Kalamu yenyewe inasomwa na kioo hata kabla haijagusa, inajua umekandamiza kiasi gani, na ikiwa karibu kioo kinapuuza kiganja. Tena zina makabila yao. Za mfumo wa Wacom AES hazielewani na vioo vya mfumo wa MPP wa Microsoft, labda upate iliyotengenezwa kukubali zote mbili. Laptop za mtumba mara nyingi huja bila kalamu, maana ilipotea huko ofisini ilikotoka, na ukianza kuitafuta peke yake utaumia. Usilipe kabla kalamu haijawa mkononi mwako.

Kuijaribu ni dakika mbili. Fungua programu ya kuchorea, laza kiganja kizima kwenye kioo, andika jina lako kwa mwandiko wa kawaida. Halafu chora mstari wa mshazari polepole sana kufuata rula. Kalamu mbovu itakupa mstari unaotetemeka kama nyoka. Baada ya hapo andika kwenye kona zote nne, maana kioo kilichobanwa kikaumia huwa kinakufa pembeni kwanza. Mimi nilichukua ThinkPad X380 Yoga iliyotumika, inchi 13.3, kilo moja na nusu hivi. Kalamu yake inalala kwenye tundu ubavuni na kujichaji humo humo, kwa hiyo huipotezi. Programu niliyotumia ni Xournal++, ya bure, na haihitaji intaneti. OneNote nayo ni nzuri ukiwa na bando la uhakika.

Sasa turudi kwenye kiporo cha i7. Jina hilo peke yake halikwambii kitu. Angalia tarakimu zinazofuata: i5-8250U ni kizazi cha 8, i7-6600U ni cha 6. Hiyo i5 ina kori nne (yaani vichwa vinne vya kufanya kazi), hiyo i7 ina mbili, na bado dukani i7 itakuwa juu kwa bei kwa ajili ya stika. Kizazi cha 8 ndiyo mpaka wangu siku hizi, na si kwa sababu ya kasi tu. Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia hapo kwenye cha 8, ukiacha vichache sana. Ya chini ya hapo utauziwa bei ya kutupa, ila ujue unachonunua. RAM 8 inatosha kwa noti, ripoti na takwimu za maabara. Ila laptop nyembamba za kugeuza nyingi RAM yake imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza baadaye, kwa hiyo ukipata ya 16 kwa tofauti ndogo chukua. Zile za kawaida kama ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili, unaongeza ukipata hela. Diski iwe SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, GB 256 si haba.

MacBook Air ya M1 betri yake sina neno, na haina hata feni. Lakini kioo chake hakijui kalamu, kwa hiyo kwa mwanafunzi wa kemia ni laptop ya jioni, ya bei ya mchana na jioni.

Jumamosi nikaenda na mdogo wangu Kariakoo. Ngoma ilianza duka la tatu. Kijana wa dukani akaitoa moja ya kugeuza, safi, inanukia dawa ya kusafishia. "Dada, hii kama mpya, imeingia toka Dubai juzi. Betri masaa sita." Nikaiwasha, nikafungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), nikaandika powercfg /batteryreport. Inatengeneza faili, ndani yake kuna mistari miwili ya kutazama, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni betri ilivyotoka kiwandani, wa pili ni ilivyo leo. Ilitoka na 51,000. Leo ina 19,400. Nikamgeuzia kioo.

"Masaa sita ya nani, kaka?"

Akacheka, akaenda stoo, akarudi na nyingine ya aina ileile yenye 41,000. Hii nayo ikawa na kibodi ya Kijerumani. Nyingi ya mashine hizi zimetoka maofisini Ulaya, na kwenye kibodi za Kijerumani Y na Z zimebadilishana viti. Unaandika hydrogen inatoka hzdrogen. Hiyo unaweza kuibadilisha kwenye mipangilio na vidole vikazoea. Ya Kifaransa mimi ningeikataa, kwa sababu ili kupata tarakimu lazima ushike Shift, na mwanafunzi wa sayansi anaandika tarakimu kutwa. Tukaiunganisha na intaneti ya simu yangu, kuona kama haitadai nywila ya kampuni ilikotoka. Zipo zinazofanya hivyo ukishafika nazo nyumbani. Tukaizima, tukaiwasha kwa kubonyeza F1, kuhakikisha BIOS, ile programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows, haina nywila. Tukachomeka flashi kila tundu. Tukafungua na kufunga kioo mara kumi, kusikiliza kama bawaba zinalia.

Mdogo wangu alikuwa anaona aibu. Ananivuta mkono, "Dada, watu wanasubiri." Wasubiri. Hela ya baba imesubiri zaidi.

Ilianza laki saba na nusu, tukashuka mpaka laki sita na ishirini, kalamu ndani. Nikataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kwa mkono aandike nyuma yake namba ya mashine na wiki mbili za kurudisha. Aliguna, akaandika. Kutoka hapo nilimnunulia ncha za akiba za kalamu, maana zinalika kama penseli na mwenye kuandika sana atabadilisha kila baada ya miezi kadhaa, na ile karatasi ya juu ya kioo isiyong'aa, inayofanya kalamu isiteleze. Chenji iliyobaki ikatosha kaunta buku mbili na wino mwekundu, wa mishale, kwa siku ambazo umeme utakatika usiku kucha na kipindi ni saa moja asubuhi.